Boti Ina Hotuba, Mpira Hauna Mwenyewe

Tuliambiwa boti ya faiba haina kazi. Haiozi, haitaki kalafati, haitaki pamba wala sifa ya papa, wadudu wa majini hawaitoboi, na mkishaisuuza kwa maji matamu mnaweza kwenda kulala. Aliyetuambia alikuwa na fulana safi na faili kwapani, nami simwiti mwongo, kwa sababu karibu yote aliyoyataja yalikuwa kweli. Shida ni kile ambacho hakukitaja. Hakutaja mpira.

Nasema ule mpira mweusi unaozunguka ukingo wote wa boti, ukaanzia omo, ukapita ubavu mmoja, ukazunguka tezi, ukarudi ubavu wa pili. Anayekuja bandarini kwetu Ngomeni kupiga picha za jua likitua hauoni. Mvuvi naye hauoni, mpaka siku ubanduke. Siku hiyo ndipo anajua kwamba boti nzima, pamoja na mashine yake ya farasi 40 na jina lake zuri ubavuni, ilikuwa inategemea kitu kisichofikia upana wa vidole vitatu.

Boti hizi hutengenezwa kwa kalibu. Nguo ya nyuzi za kioo hulowekwa resini, ikikauka inakuwa gamba. Gamba la nje na gamba la ndani hukutana ukingoni, na hapo panapokutana huwa pana makali, pana mashimo ya skrubu, pana kila kitu ambacho kiwanda hakitaki ukione. Mpira huvishwa juu yake kufunika aibu. Ukitoka, aibu hiyo inaanza kazi. Wavu ukivutwa juu ya ukingo mtupu unakatika uzi mmoja mmoja. Mshipi ukisuguliwa pale na nguru mwenye nguvu unakatika, na nguru anaondoka akiwa na ndoana yako kinywani. Ukiegemea mkono kupumzika, vichembe vya kioo visivyoonekana vinakuingia, ukaja kujikuna Jumatatu mpaka Ijumaa, tena mbele za watu. Mwenye mashua ya mbao ana matatizo yake, lakini hilo la kujikuna msikitini halimhusu.

Wetu ulianza kuachia pale omo. Ukaning'inia kidogo, kisha ukaning'inia sana, na kila tulipoegesha kando ya boti nyingine ulinaswa na kuvutika zaidi. Mama karanga mmoja, ambaye hununua samaki wa kukaanga kwetu na kulipa kwa ulimi kwanza na pesa baadaye, alitutazama tunaingia bandarini akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mikoko: "Shemeji, boti za wenzenu zinavua samaki, yenu inavua nguo."

Siulaumu mpira. Kwanza mingi ya aina hii si mpira wa mti, ni plastiki iliyochanganywa na vilainishi ili ipindike. Jua la huku huvivuta vile vilainishi mwaka baada ya mwaka, plastiki ikakauka, ikawa ngumu, ikapungua urefu. Ikipungua urefu lazima pahali paachie. Na hata ungekuwa mpira wa mti, ule ambao Charles Goodyear aliupika na salfa akapewa hataza yake Marekani mwaka 1844, jua na hewa vingeupasua vilevile.

Pili, sisi ni watu wa Gongoni. Kuanzia hapa kupanda juu mpaka Kurawa ni mashamba ya chumvi: maji ya bahari yanaingizwa kwa mito ya mikokoni, yanapitishwa jaruba hadi jaruba, jua linayakausha, na malori yanabeba kwenda bara. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya inatoka upande huu. Wengine wanaila, sisi inatula. Imekula mabati, bawaba za milango, spoku za baiskeli na geti la jirani yangu alilolipaka rangi ya dhahabu. Skrubu ya kushikilia mpira wa boti itapona kwa dua ya nani?

Basi mimi, kwa kuwa ndimi mhazini wa kikundi chetu, nikaitisha kikao.

Mhazini wa kikundi cha wavuvi ni mtu anayeshika pesa ambazo hazipo kwa niaba ya watu wanaoamini kwamba zipo. Nikasimama nikaeleza: mpira umekwisha, tununue mwingine, tuufunge wakati huu wa kusi ambapo bahari imechafuka na boti imelala. Kimya. Ingekuwa ni mashine, kila mmoja angekuwa na neno, na wawili wangekuwa na binamu anayeuza. Ingekuwa ni nyavu, tungegombana mpaka adhuhuri. Mpira? Mzee mmoja aliinua mkono akauliza kama mpira unaleta samaki. Nikamjibu hauleti, unazuia wasiondoke na wavu. Akasema basi tungojee uanze kuleta.

Mwenyekiti akapendekeza tuandike barua kwa wafadhili waliotupa boti. Ni mtu mwema mwenyekiti wetu, lakini anaamini kwamba mtu aliyekupa ng'ombe atakuja pia kukufungia kamba. Mimi siku ile boti ilipokabidhiwa nilikuwapo. Palikuwa na mahema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, spika mbili kubwa kuliko choo cha bandarini, na mgeni wa heshima aliyevaa jaketi la kujiokolea juu ya suti, hali boti iko nchi kavu. Kila aliyeshika maikrofoni alitaja uchumi wa samawati. Tangu ule mkutano mkubwa wa uchumi huo uliofanyika Nairobi Novemba 2018 hakuna hotuba ya pwani isiyokuwa na neno hilo. Kisha utepe ukakatwa. Utepe mwekundu, mpana, mrefu wa kuzunguka boti nzima. Laiti wangetuachia, leo tungekuwa na kitu cha kufunga ukingoni. Waliukunja, wakaurudisha kwenye gari.

Sisemi boti haikuwa na faida. Imesomesha watoto. Nasema katika zile hotuba zote hakuna aliyetamka neno skrubu.

Kwa hiyo kutafuta mpira kukaniangukia mimi. Gongoni kuna maduka ya hadiwea, na wenye maduka hayo ni watu wa msaada kupita kiasi. Hawakubali kukuambia hawana. Nilieleza ninachotaka, nikaletewa mpira wa mlango wa friji. Nikaeleza upya kwa mikono, nikaletewa mpira wa kumwagilia bustani. Kijana wa tatu akaniuliza: "Mzee wangu, boti yenyewe ni ya rangi gani?" nikapata matumaini, maana hilo ni swali la mtu anayejua. Akaniletea utepe wa kufungia nyaya za stima, wa bluu.

Nikapita Mambrui, nikavuka daraja la Sabaki, nikaingia Malindi. Malindi kuna boti za kuvulia jodari na suli wakubwa kwa ajili ya wageni, zimevikwa mpira mwanana wenye mstari mweupe katikati. Nikafuata harufu ya resini mpaka kwa fundi mmoja. Akaniambia mpira ule huagizwa Ulaya, huja kwa roli nzima, haukatwi. Akataja bei. Nikamuuliza kama bei hiyo ni pamoja na mashine. Akacheka, nami nikacheka, kila mmoja kwa sababu yake.

Nilipokuwa narudi, matatu ikasimama Mambrui kushusha watu, nikapata nafasi ya kukasirika vizuri. Hapo Mambrui mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walifukua sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1402 hadi 1424. Yaani bidhaa za China zina zaidi ya karne sita zikifika pwani hii. Vyombo vya kaure vilifika, tukavitia kwenye makaburi. Mpira wa mita 17 mpaka siku ile ulikuwa ukingojewa. Sarafu yenyewe ni ya duara, ina tundu la mraba katikati, na nikiwajua mafundi wetu, bahati yake iliokotwa na wasomi. Ingeokotwa na fundi wa boti ingekuwa washa.

Na ukitoka Mambrui ukaja kwetu, kule ng'ambo ya maji mbele ya Ngomeni unaona miguu ya chuma imesimama baharini. Ni majukwaa ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Scout ilipandisha angani setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru, kwa sababu ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi moja tu ya kupima miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, na vipimo vyake viliwasaidia wataalamu kushuku kwamba kitu kimoja kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, ambalo hata mwanga ukiingia hautoki. Haya yalifanyika mbele ya kijiji kile kile ambamo boti yangu ilikuwa imelala utupu. Watu walitoka hapa wakapata shimo jeusi mbinguni. Mimi nimetoka hapa nikakosa duka.

Nikarudi mikono mitupu, na hapo ndipo ushauri ulipoanza. Mvuvi anayekosa pesa hakosi wataalamu.

Wa kwanza alisema tairi la pikipiki: lipasuliwe katikati, livishwe ukingoni. Tukalijaribu kipande. Kwenye mdomo wa tairi kuna waya wa chuma, waya ule ukashika kutu wiki ile ile, ukachomoza, ukaanza kutafuta vidole. Isitoshe tairi hupaka masizi ubavuni, na boti iliyokuwa nyeupe ikawa na michirizi ya punda milia.

Wa pili alisema mpira wa mlango wa matatu. Huyo nilimheshimu, kwa sababu mpira ule kweli umekatwa kwa umbo hilo hilo, unauma ukingo wenyewe bila skrubu. Tulipouvisha ulikaa vizuri hata mama karanga akakosa la kusema. Lakini ndani yake una kipande cha bati chenye meno, ndicho kinachouma, na bati hilo limetengenezwa kwa mlango unaopigwa na mvua za Nairobi, halikutengenezwa kwa Ghuba ya Ungwana. Bamvua mbili baadaye boti ilikuwa inalia machozi ya kutu.

Wa tatu akataja lile jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa ndara za rangi rangi, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likashuka pwani hii mpaka Zanzibar. Kama ndara zimefika Zanzibar, alisema, zitashindwa kufika kwenye miamba ya hapo mbele? Ilikuwa hoja. Watoto wakatumwa ufukweni, wakarudi na gunia. Zote zilikuwa za mguu wa kushoto, au nusu yake, na nilipoona kikundi cha watu wazima kimeketi kinajadili kama ya bluu ikae kando ya ya waridi, nikaahirisha kikao.

Tukaishia, kwa muda, kwenye mpira wa kumwagilia bustani. Nahodha aliupasua kwa kisu toka mwanzo mpaka mwisho, akauvisha, akaushona kwa mshipi. Ulikuwa wa kijani kibichi. Jua likipanda ulilainika ukateleza. Jua likishuka ulikakamaa ukajikunja. Lakini uliokoa nyavu, na sitausema vibaya zaidi ya hapo.

Kando yetu muda huu wote alikuwa ameketi fundi mzee wa majahazi, wa zile zama za keekee na tezo, anatafuna tambuu na kutazama. Alisubiri tuchoke. Kisha akasema: "Wanangu, sisi tulikuwa tukifunga kamba ya makumbi." Akanikumbusha kwamba mababu walikuwa na mtepe, chombo kizima kilichoshonwa kwa kamba ya nazi, hakina msumari hata mmoja, na kikaenda na kurudi. Nilimsikiliza kwa adabu, maana ni mzee na maana alikuwa na haki, jambo linaloudhi zaidi. Kamba ya makumbi hainyauki kwa jua, haiogopi chumvi, na inapatikana penye minazi. Nikamwomba atusokotee ya kuzunguka boti. Akatema tambuu, akasema mikono yake siku hizi inauma, ila yuko kijana anaweza kufanya. Kijana mwenyewe, nilipomtafuta, anaendesha bodaboda.

Mwishowe duka moja la Mombasa likakubali kutukatia mita 17. Mpira ukaja na matatu, chini ya kiti, umekunjwa mduara mdogo, na ukiufungua unarudi kwenye mduara wake. Fundi wa faiba, kijana wa Malindi mwenye grainda, alisema ni lazima upashwe moto kwanza uwe laini. Jua la siku hiyo, siku moja tu katika mwaka, lilikuwa limejificha. Tukatumia maji moto, na chombo pekee kilichoweza kuumeza kilikuwa sufuria ya pilau ya mama watoto. Sitaeleza yaliyofuata nyumbani. Nitasema tu kwamba pilau ya Idi ilikuwa na harufu ya gati.

Kuvisha si kazi. Kazi ni kuvua ule wa zamani. Skrubu nyingi zilikuwa zimeoza vichwa. Ukizigusa kwa bisibisi kichwa kinabaki mkononi na mwili unabaki ndani ya faiba. Hadiwea waliziuza kama steinlesi. Steinlesi nazo zina daraja: ya 304 inatosha sinki la jikoni, ya 316 imeongezwa molibdenamu ili ivumilie chumvi, na hiyo ndiyo ya baharini. Maduka yetu yana daraja mbili, ipo na haipo.

Kila tundu lililofunguliwa lilitoa maji ya rangi ya chai ya rangi. Ndipo tukajua, mimi na wenzangu wote tulioambiwa boti hii haina mbao, kwamba ndani ya ubavu kuna plaiwudi, na imekuwa ikinyonya maji kupitia mashimo ya skrubu tangu mpira uachie. Kumbe ndiyo sababu boti imekuwa nzito na petroli ya kwenda na kurudi haitoshi kama zamani. Yule mzee aliyeuliza kama mpira unaleta samaki alikuwapo. Nilimtazama. Akatazama bahari.

Juu ya hayo, fundi fulani aliyetutangulia alikuwa amepaka silikoni ya bafuni ukingo mzima. Silikoni ikishapakwa kwenye faiba huacha utelezi usioonekana, na hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake mpaka usugue kwa msasa ukafika kwenye faiba safi. Tulisugua. Vumbi la kioo likapanda, tukaanza kujikuna wote, nahodha, fundi, hata mwenyekiti aliyekuja kupiga picha ya ripoti.

Maji yalikuwa yametoka mbali, bamvua, na hesabu ilikuwa tumalize kabla hayajarudi. Tulikuwa tumefika ubavu wa pili yaliporudi. Fundi akaona mpira unapungua mkononi, akafanya lile ambalo kila fundi hulifanya: akauvuta. Nikamwambia, "Baba, usiuvute, ukipoa utarudi." Akaniambia, "Mzee wangu, hii kazi nimeifanya." Akavuta, akapiga skrubu, ukafika tezi barabara, hata ukabaki kipande. Alikiweka mfukoni kwa furaha. Asubuhi mpira ulikuwa umepoa, umerudi kwenye urefu wake, na pale tezi pana pengo la kuingiza kiganja. Fundi yuko Malindi na kipande chetu.

Pengo lile tumelifunika kwa kamba ya makumbi. Yule mzee alikuja akaifunga mwenyewe, mikono yake ikapona kwa saa moja, hakutaka malipo, ila anapita kila asubuhi kuiangalia na kila anapopita lazima aniite. Mpaka leo ndiyo sehemu pekee ya ukingo isiyotikisika.

Sasa nina maneno mawili. Kwenu mnaogawa boti: tunashukuru, na mkija tena msilete mahema. Pesa ya mahema ikanunue roli ya mpira, skrubu za 316 na gundi halisi ya baharini, na tutasimama juani kuwasikiliza, tumezoea. Na wewe unayenunua boti ya faiba kwa mtu, kabla hujalipa, nenda omo, ushike mpira kwa vidole viwili, uvute. Ukikufuata mkononi, punguza bei.